Madirisha ya Kaskazini

Siku yangu ya kwanza ya kukarabati kanisa pale Troyeville, mwaka 2015, sikupewa nyundo. Msanifu Mkuu, mama wa Kizungu kutoka ofisi moja ya Randburg, alinipokea mlangoni mwa kanisa, akanipeleka moja kwa moja hadi ukuta wa kusini, akaniambia kwa Kifaransa, maana alijua mimi ni Mkongo, "Weka mkono hapo." Nikaweka. Jiwe lilikuwa baridi na limelowa, na ilikuwa Julai, mwezi ambao Johannesburg haipati mvua. Tukazunguka nje mpaka ukuta wa kaskazini. "Na hapa?" Hapa jiwe lilikuwa kavu, lina joto la jua.

"Umeelewa?"

"Nimeelewa, Madame. Kanisa limegeuzwa."

"Kanisa liko sawasawa," akasema. "Jua ndilo liko upande mwingine."

Nieleze, maana ninyi vijana mnaojenga kwa matofali ya saruji hamjazoea habari hizi. Kanisa lile lilijengwa na padri Mfaransa aliyekuja huku zamani, akaiga kanisa la parokia ya kijiji chake. Hilo la kwao ni la karne ya kumi na mbili: ukumbi mmoja mrefu wa waumini, kuta nene kupita urefu wa mkono wangu, dari la mawe lililopinda kama nusu ya pipa, na nyuma ya altare ukuta wa nusu duara. Dari la namna hiyo linasukuma kuta zifunguke, ndiyo maana nje huwekwa nguzo nzito za kuziegemeza. Altare iko mashariki. Ukuta wa kaskazini, ambako Ufaransa jua halifiki, haukuwekwa dirisha hata moja. Madirisha yote yako kusini. Basi padri wetu akauleta mpango huohuo huku, ambako jua la majira ya baridi hupita kaskazini, asibadilishe kitu. Jua akalizibia kwa ukuta, baridi akaifungulia madirisha. Kukosea hivyo kunataka mtu aliyekumbuka kwao kupita kiasi. Simcheki, na mimi nimehama.

Uchongaji wa mawe nilifundishwa Bukavu na Bruda Msimamizi wa karakana ya misheni. Alikuwa mkali. Ukimwonyesha kazi ya kulipua hakugombi, anakutazama tu: "Jiwe halina haraka. Wewe yako umeitoa wapi?" Nilipofika Johannesburg hakuna aliyetaka mawe. Miaka mingi nilimwaga zege la maghorofa kule Randburg, chini ya wasimamizi ambao hawakujua jina langu, waliniita "Congo" basi. Ndipo Msanifu Mkuu akatafuta mtu anayejua chokaa, na mtu mmoja akanitaja.

Chokaa ndiyo ilikuwa kazi yenyewe. Mafundi waliotutangulia walikuwa wameziba maungio ya mawe kwa saruji. Saruji hufungia maji ndani ya ukuta. Chokaa huyaachia yatoke. Kwa hiyo tuliitoa saruji yote kwa patasi, si kwa mashine ya grinda, maana grinda inakula pembe za jiwe na pembe hazirudi. Kisha tunajaza chokaa na mchanga, tunafunika kwa magunia yaliyoloweshwa ili isikauke upesi. Siku nzima unamaliza kipande ambacho ungekifunika kwa shuka. Baba Paroko, Mtanzania mcheshi, alikuwa akipita ananiuliza, "Mzee wangu, utamaliza kabla ya kiyama?" Namjibu, "Inategemea kiyama kinaanza lini, Baba."

Sasa shida yangu. Misa ya Kiswahili sisi Wakongo tulikaa kama nyumbani, wanaume kushoto, akina mama kulia. Kulia ndiko kusini. Mke wangu, Mama Riziki, alikaa chini ya madirisha yale majira mengi ya baridi, upepo unamwingia mgongoni, kifua kinambana mpaka Septemba. Nikamwambia avuke aje upande wetu. "Nikakae katikati ya wanaume, watu waseme nini?" Halafu Jumapili moja akasema, "Eish, Papa Riziki, huyo Mungu wako anakaa ndani ya friji?" Akapanda teksi akaenda Turffontein kwa walokole, kwenye duka lililokuwa la samani, wana hita na magitaa. Jumapili iliyofuata akaenda tena.

Iliniuma sana. Mwanamke niliyefunga naye ndoa mbele ya altare Bukavu! Juma zima natengeneza kanisa, Jumapili naketi ndani yake peke yangu. Paroko naye akapata la kunitania: kondoo wake aliyepotea analala nyumbani kwangu. Nilicheka, lakini moyoni nilikwisha kuamua. Ukuta wa kaskazini upate madirisha, jua liingie, Mama Riziki arudi.

Nilimwambia Msanifu Mkuu. Akakataa palepale. "Hili ni nakala ya jengo la karne ya kumi na mbili. Ukianza kuibadilisha nakala, unabaki na nini?" Nikamwambia tunabaki na watu wenye joto. Akanitazama juu ya miwani, akaniambia nirudi kwenye chokaa yangu. Nilimuuliza tena mwaka uliofuata, jibu likawa lilelile.

Mwaka 2017 alisafiri kwenda Ufaransa kuliona kanisa lenyewe. Aliporudi alinikuta juu ya jukwaa la ujenzi, akapanda ngazi mwenyewe kwa viatu vyake vya ofisini. "Madirisha ya kusini si ya tangu mwanzo," akasema. "Wajenzi wa kwanza waliacha nyufa tu, upana wa kiganja. Wanakijiji waliochoka na giza ndio waliyatoboa, karne kadhaa baadaye. Alama za patasi ni tofauti, nimezigusa. Mnara nao ulikuja baadaye. Mlango wa kaskazini waliuziba kwa sababu ya upepo." Akaupapasa ukuta wetu. "Nimekuwa nikilinda kitu ambacho wenyewe hawakukilinda hivi. Chagua mahali, tuufungue ukuta."

Tulichagua katikati ya nguzo za nje, mahali ambapo dari halisukumi sana. Tuliegemeza ukuta kwa magogo, tukatoa jiwe mojamoja. Juu ya kila uwazi tulisimamisha kiunzi cha mbao chenye umbo la upinde, tukapanga mawe juu yake kutoka pande zote mbili, mwisho likaingia lile la katikati linalofunga yote. Kisha tukasubiri chokaa ishike. Siku ya kuondoa kiunzi unalegeza kabari taratibu na kusikiliza. Upinde ulishuka unene wa kucha, ukatulia. Msanifu Mkuu alikuwa amefumba macho. "Fumbua, Madame," nikamwambia. "Upinde umekaa."

Majira ya baridi yaliyofuata nilimbembeleza Mama Riziki aje Jumapili moja tu, aone kazi ya mumewe. Alikuja. Jua lilipita juu ya vichwa vyetu wanaume, likatua upande wa akina mama. Misa sikuisikia, nilikuwa namtazama yeye. Kabla ya Injili alivua koti, akaliweka magotini. Nilifurahi kama mtoto.

Nje alinishika mkono. "Kazi nzuri, Papa Riziki. Kweli nzuri."

"Basi utarudi."

"Hapana." Hakusema kwa hasira. "Baridi ndiyo iliyonipeleka kule, ni kweli. Lakini mwaka jana nilipolazwa kwa ajili ya kifua, wewe ulikuja jioni na vumbi lako. Wale wa Turffontein walikuja kila siku, wakanilisha, wakanifulia. Wa hapa sikumwona hata mmoja. Mlikuwa mnatengeneza ukuta."



Nilistaafu mwaka 2019. Vijana wakiniuliza kuhusu kazi, nawaeleza chokaa, nawaeleza upinde, na kwamba jengo linaloishi ni lile ambalo watu wake hawaogopi kuligusa. Hayo nayajua. Jumapili mke wangu anakwenda kwao, mimi nakwenda kwetu, na tunakula pamoja mchana. Siku za kazi, Paroko hunitajia nani ameugua, nami natembea hadi kwa huyo mgonjwa. Mikono yangu haiwezi tena nyundo. Kubisha hodi inaweza.