Ufunguo Unalala Ghorofani

Bibi alinituma kwa simu kutoka Tanga: "Nenda ukamwone mama yako mdogo anaishije. Kila nikimuuliza ananitumia picha za maua." Mama mdogo Rehema anamtunza mzee mmoja Islington, hapa London, na analala hukohuko. Mimi kwenda kwa watu sipendi, nikiongeleshwa sauti inakauka. Lakini bibi akisema nenda, unakwenda.

Jumamosi asubuhi nilitoka kwangu Thamesmead kwa basi, Woolwich nikapanda treni.

Islington nilipokelewa na binti wa yule mzee, mama mtu mzima. Nyumba yao ni ya enzi za kina Mfalme George, miaka mia mbili na zaidi iliyopita, na anaringa nayo kama bibi harusi. Alinionyesha mbao za kufunika madirisha kwa ndani, chuma cha kuzikaza, na kikengele juu yake.

"Mwizi akisukuma, kinalia," alisema. "Enzi hizo mtumishi alilala jikoni kulinda vyombo vya fedha. Bwana alifunga milango, akapanda ghorofani na funguo."

"Na siku hizi?"

"Siku hizi napanda nazo mimi!" Akacheka. Mimi sikucheka.

Chini, chumba cha mama mdogo kinapakana na jiko, na ngazi zinaanzia humohumo jikoni. Dirisha lina nondo. Mlango wa uani haufunguki bila ufunguo. Tusidanganyane, hata kwetu Tanga tuna nondo, lakini ufunguo tunautundika msumarini, hata mtoto anaujua.

"Mama mdogo, jiko likishika moto usiku utapita wapi?"

"Nitapita kwa dua. Kula wali wewe, unapoa."

Nilishikwa na hasira mpaka nikasahau aibu. Nikapanda juu kwa yule binti wa mzee. "Samahani, naomba ufunguo wa chini akae nao mama mdogo."

"Hatujazoea hivyo. Ukipotea je?"

"Na yeye akipotea?"

Mama mdogo, aliyekuwa amenifuata, alinivuta mkono hadi nje. "Unataka nifukuzwe? Bibi yako mwambie niko salama, basi!"

Kwenye treni ya kurudi bibi akapiga. Nilimwambia nyumba ni nzuri, mwizi haingii, na mwanawe hatoki. Nikamsikia anamwita mjomba alete simu ya pili, ampigie mama mdogo palepale.

Nimejifunza kwamba nyumba inaweza kulindwa vizuri na aliyemo asilindwe. Mama mdogo ameninunia tangu siku ile. Acha aninunie, mradi apewe ufunguo.