Mstari Mweupe Kwenye Picha ya Dirisha

Siku yangu ya kwanza kazini sikugusa kamera. Nilikalishwa kwenye kigoda ndani ya chumba cha giza, studio moja pale Masasi nyuma ya stendi, taa nyekundu inawaka, nikatikisa sinia la dawa mpaka mkono ukanuka siki. Mjini walisema mengi: mtoto wa kike kafungiwa gizani na mwanamume! Mama yangu akaja kuhakikisha. Akagonga mlango kwa hasira, Fundi Mkuu akafungua, na mwanga ukaingia ukaharibu picha za harusi nzima zilizokuwa bado kwenye dawa. "Shikamoo mama," Fundi Mkuu akasema. "Sasa bwana harusi nitamwambia nini?" Mama hakurudi tena pale.

Fundi Mkuu alikuwa mtu wa Tabora, mfupi, mkali, hana mzaha na vumbi. Ndiye aliyenifundisha kurekebisha picha. Nyie wa simu mnadhani mambo hayo yameanza na nyie. Weee! Sisi tulikuwa tunakinga na tunachoma. Kukinga ni kuzuia mwanga wa mashine kwa kiganja ili mahali pasizidi kuwa peusi. Kuchoma ni kupaongezea mwanga palipopauka. Picha ikikauka, unaziba madoa kwa brashi yenye nywele tatu, unalamba ncha, unagusa kidogo kidogo.

"Doa jeupe ni vumbi, doa jeusi ni mkwaruzo," alikuwa anatuimbia kila asubuhi. "Na tumia rangi ya maji, hiyo inaoshika, si wino. Mkono wa binadamu hukosea."

Miaka hiyo karatasi za picha zilikuwa za kutafuta, kama sukari na sabuni. Lilipokuja soko huria, maduka yakajaa, na mfanyabiashara mmoja akafungua studio Newala akanichukua niwe fundi wake. Tulimwita Meneja. Picha hakuzijua, alichojua ni haraka. "Mteja asisubiri, Mama Zuhura! Akisubiri anakwenda kwa jirani." Nilikuwa nanung'unika, lakini mshahara wake niliupenda.

Hapo ndipo alipokuja Mama Albano. Alizaliwa ng'ambo ya Ruvuma, akaletwa huku mgongoni mwa mama yake wakati wa vita. Nyumba yake ilikuwa ukingoni kabisa mwa uwanda, dirisha linatazama bondeni mpaka milima ya Msumbiji. Mwanawe Albano aliazima kamera akapiga picha kupitia dirisha hilo asubuhi moja, na mama akaniletea mkanda. "Nisafishie, unikuzie hiyo ya dirisha," akasema. "Nampelekea baba yangu Masasi." Hakusema zaidi, nami sikumuuliza.

Picha ya dirisha ni mtihani. Chumba kina giza, nje kuna jua. Ukifuata chumba, nje panakuwa peupe kama unga, ukifuata nje, dirisha linazama. Nilikinga fremu na pazia, nikachoma bonde mpaka milima ikajitokeza mmoja mmoja. Haki ya Mungu, nilijipenda! Ila katikati ya bonde, ng'ambo ya mto, kulikuwa na mstari mweupe mwembamba, umesimama wima. Unywele, nikasema, umenasa kwenye negativu, yaani kwenye mkanda wenyewe. Meneja alikuwa mlangoni anahesabu dakika. Sikuitazama negativu mara ya pili. Nikashika brashi, nikauziba. Meneja alivyoipenda, akataka nakala nyingine ya kuweka kwenye kioo cha mbele cha studio, nayo nikaiziba vilevile.

Mama Albano alipokuja aliishika picha, akaisogeza karibu, akaipeleka mbali.

"Moshi uko wapi?"

"Moshi gani, mama?"

"Moshi, Mama Zuhura! Moshi wa kwetu!" Akakaa chini palepale sakafuni. Vita vya kule vilikuwa vimetulia, akanieleza, na baba yake alikuwa ameapa kwamba hatavuka kurudi mpaka aone kuna mtu anapika kwao. Waliomwambia watu wamerudi hakumwamini hata mmoja. Miguu yake haikuweza tena kumfikisha Newala akajionee. Na kila asubuhi, wiki nzima, binti yake alikuwa akiuona moshi ule dirishani.

Niliona aibu ambayo mpaka leo nikiikumbuka masikio yananiwaka. Nikaizamisha picha yake kwenye beseni la maji, nikaifuta taratibu kwa pamba. Moshi ukarudi, lakini hafifu, na pembeni pakabaki uvulivuli wa rangi. Mama Albano akatazama, kisha akaninong'oneza: "Kama unajua kufuta, basi kuongeza unajua. Niongezee hata miwili. Mmoja hatautaka."

Nilikuwa na deni kwake, na brashi ilikuwa mkononi. Nikaiweka mezani. "Mama Albano, nikimchorea majiko, akivuka atamkuta nani?"

Akainuka. "Basi twende wote," akasema. "Akiiona hii iliyofutwafutwa atasema nimekutuma uchore. Ukamwambie mwenyewe."

Tulishuka Masasi kesho yake, nimefunga negativu kwenye bahasha kifuani. Nikamwamkia mzee, nikamweleza kila kitu, brashi, haraka, na ujinga wangu. Akaichukua negativu akaiinua kwenye mwanga wa mlango. Kwenye negativu kila kitu hugeuka, cheupe kinakuwa cheusi, na ule moshi ulikuwa uzi mweusi ambao mkono wangu haukuwahi kuugusa. Akaisogeza negativu karibu kabisa na jicho.

"Moshi wa kuchoma shamba hutapakaa," akasema. "Huu umesimama. Huu ni wa jiko."

"Ni mmoja tu, baba," Mama Albano akasema, kwa woga.

"Kwani kuomba moto unahitaji majirani wangapi?" Akanigeukia. "Na wewe mwanangu, kuuliza si ujinga."

Hata mwezi haukuisha, akavuka, mgongoni mwa Albano.

Mashine za picha za rangi zilipofika, kazi yangu ikaisha taratibu, na sasa nimestaafu, namwangalia mjukuu wangu akifuta watu kwenye picha za simu kwa kidole. Namgombeza: umeuliza huyo ni nani? Ananicheka. Ile nakala ya kioo cha mbele niliondoka nayo, iko ukutani kwangu. Wageni wanaisifu, bonde lote linaonekana, halina hata doa. Nawaambia asanteni. Kisha nawaonyesha kwa kidole, hapa, ng'ambo ya mto, kuna mtu alikuwa anapika.