Namba ya Mawe Meupe

Mwalimu mkuu wetu pale Iringa hakutosheka na bendera. Shule nyingine ziliandika majina yao mlimani kwa mawe yaliyopakwa chokaa. Yeye aliamuru iandikwe namba: 1,000,001. Alisema haigawanyiki kwa namba yoyote ila moja na yenyewe, na sisi walimu na wanafunzi tuwe hivyo hivyo, kitu kimoja. Wanafunzi walibeba mawe majuma mawili. Nasi walimu tukamvika kilemba cha ukoka, mimi nikiwa wa kwanza.

Nilikuwa na sababu. Mke wangu alikuwa Mwanjelwa, Mbeya, akimuuguza mama yake, na alikuwa amejifungua binti ambaye sikuwa nimemwona. Barua yangu ya uhamisho ilikuwa mezani kwa mkuu, ikisubiri sahihi tu.

Siku moja, kwa uvivu wa mchana, niliigawa namba ile kwa 101. Ikagawanyika mara 9,901, bila baki. Loo! Mkuu alikuwa amejaribu mpaka 97 akaacha, kwa kuwa jedwali la namba tasa lililobandikwa ofisini mwake liliishia mia. Kwake yeye, kisichokuwemo ukutani mwa ofisi hakikuwemo duniani. Nikanyamaza.

Kisha akaja mkaguzi, Mzungu mrefu asiye na haraka. Mkuu akamhubiria kuhusu mawe yake. Mzungu akauliza nani aliyehakikisha, na mkuu akaninyooshea kidole mimi, mwalimu wa hesabu.

"Ni kweli, Mwalimu?"

Ningesema ndiyo, ningekuwa Mbeya juma lile. Lakini nilikuwa kijana, na majivuno ya hesabu yalikuwa yamenijaa hadi kooni.

"Mia na moja inaigawa, bwana."

Mdomo uliponza kichwa. Mkaguzi alicheka mpaka akavua kofia. Mkuu naye alicheka, akinitazama mimi.

Kesho yake ile moja ya mwisho kule mlimani ilibomolewa, ikajengwa tatu. Akaniita. "Kwa kuwa wewe ni bingwa, Mwalimu, ipime hii mpya. Ukimaliza, nitatia sahihi."

Ilikuwa kazi ya siku tatu: kuigawa kwa kila namba tasa iliyo chini ya elfu, nazo ni mia moja sitini na nane. Ila mkuu alitaka ipimwe kwa heshima: namba mbili tu kila Ijumaa, ubaoni, mbele ya shule nzima. Ijumaa ya kwanza tuligawa kwa mbili na kwa tatu. Zote zikabakiza moja, watoto wakapiga makofi. Likizo nililinda bustani ya kabichi ya shule, kwa amri yake. Nilimchukia mtu yule kuliko nilivyowahi kumchukia mtu, na kila Ijumaa nilimwambia asante, mzee.

Ikapita miaka miwili. 997 ilibakiza kumi na mbili; namba ilikuwa tasa kweli. Mkuu akatia sahihi bila hata kutazama ubao.

Nilifika Mwanjelwa kwa lori, nimejaa vumbi, nina gauni dogo mfukoni ambalo kumbe lilikuwa la mtoto mchanga. Binti yangu alinitazama nikila ugali, akiwa ameshika kanga ya mama yake. Nilipomaliza akauliza, "Mama, huyu mgeni anaondoka lini?"

Mke wangu alinigeukia mimi, akasubiri.