Mashine ya Sebuleni kwa Fundi

Jirani yangu, fundi kompyuta, huongea kwa sauti ya juu hata akikwambia siri. Ni mazoea ya kuishi na mashine ya kuchimba sarafu za mtandaoni, inayonguruma sebuleni tangu yeye na mkewe walipoinunua. Mkewe sasa yuko ng'ambo kikazi. Kila akipita, fundi huibandika kiganja mgongoni kama mzazi anayepima homa ya mwanawe, kisha huifuta vumbi kwa pindo la shati, taratibu.

Juzi nikiwa pale, mdogo wa mkewe aliingia akiziba masikio. "Shemeji, si ulizime hili dude? Dada mwenyewe kakwambia halilipi."

"Halilipi kweli. Wachimbaji wakiongezeka, mafumbo ya hesabu ambayo mashine hizi hushindana kuyafumbua ili zilipwe yakamalizwa upesi mno, mtandao wa sarafu huyafanya magumu zaidi. Wakipungua, huyalegeza. Lengo la mtandao ni kila fungu jipya la miamala lipatikane kwa dakika kumi hivi, watu wawe wengi au wachache."

"Basi ukitoka wewe, hakuna atakayekosa usingizi."

Fundi akacheka, akachomoa waya. Feni zikapunguza mwendo, zikanyamaza. Nikasikia bomba la jikoni likidondosha matone, jambo ambalo sikuwahi kulisikia nyumbani mle.

"Mtandao una bahati, shemeji," akasema, bado kwa sauti kubwa. "Watu wakiondoka, unajipanga upya. Mimi tangu dada yako aondoke bado najaribu."

 Shemeji yake aliuchukua ule waya mkononi mwa fundi, akainama, akauchomeka mwenyewe.