Tochi ya Kusimama Nayo Langoni

Mimi sitoki nyumbani bila tochi. Wenzangu wa mwaloni, pale mitumbwi inaposhushia samaki hapa Musoma, wamenitania mpaka wamechoka. Wanasema siku nikizikwa nitaomba betri. Waache waseme. Biashara yangu ni dagaa, na anayenunua dagaa alfajiri bila tochi ananunua mchanga. Simu ina mwanga, ndiyo, lakini ikikuponyoka ikaingia majini, umepoteza mwanga na wateja kwa mpigo. Kwa hiyo nazijua tochi kama wanawake wengine wanavyovijua vitenge.

Baba aliponipigia simu kutoka Mugeta akitaka "tochi ya maana", nilifurahi kupita kiasi, maana si mtu wa kuomba kitu. Alisema ile yake imechoka. Kwa sababu yake mtamba mmoja alilala porini, akarudi asubuhi na mkia uliotafunwa na fisi.

Kwetu ng'ombe hawahesabiwi. Kuwataja kwa idadi ni kuita msiba. Jioni wanaporudi, mwenye mji husimama langoni akamwita kila mmoja kwa rangi yake anapopita: mwenye baka, mwekundu wa pembe moja, wa kijivu. Asiyeitwa ndiye aliyepotea. Baba alikuwa na kazi hiyo tangu sijazaliwa. Lakini baada ya mtamba yule, kaka yangu, ambaye nyumba yake imo ndani ya boma lile lile, alianza kusema mzee apumzike, lango alishike yeye. Hakusema kwa ubaya. Ila namjua baba: ukimwondoa langoni umemzika huku bado anakula ugali.

Basi nikajipa kazi ya kumwokoa kwa tochi. Nilibeba tatu. Ya kwanza ya bati, ya betri mbili kubwa, nzito, mwanga wake wa njano na mpole. Ya pili ya plastiki, ya kuchaji kwa jua. Inamulika eneo pana, lakini swichi yake haina adabu, inajiwashia yenyewe mkobani. Ya tatu niliipata njiani, dukani Kabasa pale Bunda, katika zile ambazo wauzaji huziita za kikomandoo: fupi, nyeusi, chuma kitupu, inafichika kiganjani. Ukibonyeza kitako inatoa mwanga mweupe wa kuchoma. Ukibonyeza tena inapepesa mpaka adui ashikwe na kizunguzungu. Muuzaji aliniwashia mchana kweupe na bado nikaona madoa. Nikajisemea, hapa lango limepona.

Nilifika alasiri. Mama alikuwa kibarazani akimenya mihogo. Sikuweza kungoja jioni, nikamvuta baba hadi kwenye chumba cha kuwekea pamba, ambacho hakina dirisha, nikamulika ukutani anapotundika kamba zake.

"Hii je, baba?"

"Inatoaga moshi hii."

Nikafuta kioo kwa upindo wa kanga. Moshi haukwisha. Nikawasha ya pili; nayo ilikuwa na moshi. Ya tatu nilipoibonyeza, kuku aliyekuwa ameatamia pembeni aliruka akipiga kelele kama kavamiwa na majambazi.

"Hii ni kali," baba alisema, "lakini moshi ni ule ule, mama. Ila huu ni mweupe." Huniita mama kwa sababu nimerithi jina la mama yake. "Siku hizi hawatengenezagi tochi."

Nilicheka. Nikatoka nayo mlangoni kukitazama kile kioo juani, nacho kilikuwa safi kabisa. Mama aliacha kumenya. Akasema bila kuinua uso:

"Hata jua analisemaga lina moshi. Tangu mwaka jana."

"Wewe nani amekuuliza?" baba alifoka kutoka ndani.

Nilisimama pale na tochi yangu ya kikomandoo. Wote tulikuwa tumeshughulika na tochi. Baba hasemi habari za mwili wake, na mtoto haulizi. Basi tukawa tunabadilisha betri.

Sasa, kwetu humuliki mtu usoni. Anayemulikwa usoni ni mwizi. Mkikutana gizani, kila mmoja anamulika miguu yake mwenyewe, mwenzake amtambue kwa mwendo na sauti. Baba ndiye aliyetufundisha hivyo, tena kwa kofi. Nikarudi ndani, nikachukua ile ya bati yenye mwanga mpole.

"Baba, naomba nikumulike."

Niliogopa kwamba nimevuka mpaka. Kisha akavua kofia, kama anavyoivua mlangoni mwa kanisa, akainua uso.

Katikati ya jicho, mahali palipotakiwa kuwa peusi, palikuwa na ukungu wa rangi ya maji yaliyooshewa mchele. La pili nalo vile vile.

"Umeona nini?"

"Nimeuona moshi, baba."

"Unatokaga huo?"

"Ni mtoto wa jicho. Musoma kuna daktari anautoa."

Akavaa kofia yake. "Kaka yako usimwambie leo," alisema. "Ng'ombe wako njiani."

Mwanamke hasimami langoni. Jioni ile nilisimama, nyuma ya bega lake, nikijifanya nafunga kanga. Kila ng'ombe alipoingia nilinong'ona rangi, naye akaiita kwa sauti yake ile kubwa: mwenye baka! Mwekundu wa pembe moja! Kaka alikuwa ameegemea uzio, hatua chache tu kutoka tulipokuwa. Najua alinisikia. Aligeuka akaenda kumfunga ndama ambaye tayari alikuwa amefungwa. Nilimpenda sana kaka yangu saa ile.

Baba alikaa kwangu Musoma mpaka macho yote mawili yalipokwisha kutengenezwa. Siku ya kutolewa bandeji ya mwisho nilimpikia sato, na tulipokuwa tunanawa mikono umeme ukakatika. Nikanyoosha mkono kwenye mkoba wangu, lakini alinitangulia. Alikuwa na ile ya kikomandoo mfukoni mwa koti. Akaiwasha, akaielekeza moja kwa moja usoni mwangu, bila hodi.

"Mama," alisema taratibu, "kumbe una mvi."

Mwanga ulinichoma, machozi yakanitoka, lakini sikufumba macho mpaka alipotosheka kuniangalia.