Mlima wa Salamu Maria Kumi na Nne

Mpaka leo nikisikia harufu ya vumbi lililochanganyika na petroli, vidole vyangu hujikunja vyenyewe kama vinavyoshika kitu cha mviringo. Kitu hicho ni kichujio cha hewa cha gari la Baba. Kila Jumamosi asubuhi, kabla ya chai, Baba alikitoa kwenye kopo lake jeusi juu ya injini, akanikabidhi kwa mikono miwili, nami nikakaa kwenye ngazi ya nyumba yetu ya Mjimwema nikikigonga taratibu kwenye jiwe. Vumbi jekundu lilimwagika miguuni pangu hadi pindo la kanga yangu likabadilika rangi. Nilikuwa na miaka kumi, na kazi hiyo niliipenda kuliko kuteka maji, maana Baba alikuwa amesimama karibu akisema, "Polepole, Mama. Hiyo ndiyo pua yake." Aliniita Mama kwa sababu nilirithi jina la mama yake, Skolastika, aliyekuwa akiishi kijijini upande wa Madaba.

Gari lenyewe lilikuwa refu, la silinda sita, lenye pua pana na matairi mapana ya nyuma. Baba aliachiwa na mhandisi mmoja mgeni, baada ya kuwa dereva wake miaka mingi kwenye kazi za barabara. Mtaani walilipa jina la Dume, na kwa kweli lilistahili. Lilibeba maharusi, lilibeba wagonjwa, na msimu wa korosho ulipofika lilibeba wafanyabiashara wa Tunduru waliokuja kumwita Baba tangu alfajiri. Sisi tulikula, tukavaa na kusoma kwa Dume. Kasoro yake ilikuwa moja: mshale wa spidi ulikufa tangu enzi za mhandisi. Kwa hiyo Baba alibuni kipimo chake mwenyewe. Tulipokwenda kumsalimia Bibi, tukifika kwenye daraja chini ya mlima mmoja mkali wa njia ya Njombe, aliingiza gia ya tatu, akasema, "Anza," na Mama akaanza kusali rozari kwa sauti hadi kwenye jiwe kubwa lililo kileleni. Injini ikiwa na afya, mlima ule ulikwisha kwa Salamu Maria kumi na nne. Zikifika kumi na sita, Baba alijua kuna plagi imechoka au mafuta yana uchafu. Watu waliocheka kipimo hicho walikuwa wakija baadaye kumwomba ayasikilize magari yao.

Kiangazi ninachokumbuka ni kile ambacho kaka yangu Gaudensi alirudi. Baba alikuwa amempeleka seminari, na ukoo mzima ulikuwa umeshaanza kumwita Padre kabla hata hajaota ndevu. Mwaka wa tatu akatoroka, akaenda Dar es Salaam kujifunza ufundi wa magari. Kwa miaka mitatu Baba hakulitamka jina lake mezani. Kisha mwezi wa Julai, wakati ukungu wa asubuhi Songea bado unagonganisha meno, tukamwona Gaudensi langoni na mfuko wa salfeti begani. "Shikamoo, Baba," alisema. Baba akajibu, "Marahaba," akaingia ndani. Wiki mbili zilipita na hilo neno moja tu, kila asubuhi, kama sahani ya bati inayowekwa mezani bila chakula. Mimi nilikuwa nikilala chumba kimoja na mbegu za kupanda na magunia, na kupitia ukuta nilimsikia kaka akimwambia Mama kwamba kama Baba hataki hata kuona kazi ya mikono yake, atarudi Dar na hatarudi tena. Mama alilia. Mimi nilikaa kitandani nimebana magoti, nikaamua kwamba hilo halitatokea.

Ndani ya salfeti mlikuwa na vitu viwili vya chuma vilivyong'aa: bomba pana la moshi lisilo na mafla ya kupunguza kelele, na kichujio cha waya chenye umbo la pia, kinachokaa wazi bila kopo. Gaudensi alisema magari ya vijana wa mjini yalikuwa yakifungwa vitu hivyo na yakageuka simba. Siku alipomweleza Baba ndiyo siku waliyoongea zaidi ya salamu. "Injini ni mtu, Baba. Hili limezibwa pua na limezibwa koo. Lifungulie lipumue, utaona nguvu zake." Baba alikishika kile kichujio, akakiinua juani, akaona mwanga ukipenya. "Hata pua ya mtu ina vinyweleo," alisema. "Na kelele si mbio. Debe tupu haliachi kuvuma." Lakini hakukirudisha. Akatoa hukumu yake. Afunge vitu vyake. Jumamosi twende mlimani na mzigo uleule, gunia moja la maharage. Salamu Maria zikishuka hadi kumi na mbili, vitu vibaki. Zisiposhuka, avitoe na avirudishe alikovitoa. Nilijua, na nafikiri wote tulijua, kwamba kaka angeondoka navyo.

Jumamosi ile Mama alikuwa na kikao cha jumuiya, kwa hiyo rozari niliishika mimi. Nilikaa mbele, kaka nyuma na gunia. Dume lilipowashwa, kuku wa jirani waliruka ua. Ule ulikuwa mngurumo wa kuingia kifuani, na nakiri niliupenda. Nilihisi tunakwenda mbio hata kabla hatujatoka Mjimwema. Tulipofika darajani Baba aliingiza gia ya tatu, akasema, "Anza." Nikaanza, nikipiga kelele ili nisikike. Tatu za kwanza nilizisali kama Mama anavyozisali. Kisha nikatazama kwenye kioo, nikamwona kaka amefumba macho, na uso wake haukuwa wa fundi bali wa mtoto anayengoja fimbo. Kuanzia ya nne nikaanza kuvuta maneno. Nilivuta kila neno, nikameza mate katikati, nikapumua palipokuwa hapana nukta. Baba hakugeuka. Macho yake yalikuwa barabarani, na kidole gumba chake kilikuwa kikigonga usukani, tak, tak, tak. Jiwe la kileleni lilipotupita nilikuwa namaliza ya kumi na mbili. "Kumi na mbili," nilisema. Baba alisimamisha gari pembeni. Akamgeukia kaka. "Basi vibaki," alisema. "Na wewe ubaki."

Sijawahi kuona nyumba ikibadilika haraka vile. Baba na Gaudensi wakawa wanakula sahani moja, wanalala chali chini ya Dume wakibishana kuhusu boliti, wanakwenda wote safari za Namtumbo na Tunduru kwenye barabara ambayo siku hizo ilikuwa vumbi tupu la kukufika kifundoni. Kazi yangu ya Jumamosi ikaisha. Kaka alisema kichujio kipya hakigongwi, kinaoshwa mara mojamoja tu. Nilifurahi na nikaumia, vyote kwa pamoja. Mwezi wa Septemba nikaanza kuona moshi wa bluu nyuma ya Dume, na Baba akawa anaongeza oili mara kwa mara bila kusema kitu. Nilimwona siku moja amepitisha kidole ndani ya mrija wa hewa, akakitoa chekundu, akakifuta kwenye suruali. Aliniona namwona. "Kalete maji ya kunawa, Mama," alisema tu.

Oktoba ikaja simu kwamba Bibi amezidiwa. Tulitoka wote wanne asubuhi. Darajani Baba hakusema "Anza", lakini Mama alianza mwenyewe, safari hii akimwombea Bibi. Dume lilikohoa kwenye ya saba. Kwenye ya kumi likasimama, na moshi ukatufunika. Tulisukuma, tukaweka mawe nyuma ya matairi, tukapunga mikono. Lori lililokuja kutuchukua lilikuja jua likiwa limeshapita utosi. Tulipofika kijijini tulisikia kilio kabla hatujaona nyumba. Bibi alikuwa amefariki mchana ule ule. Shangazi alituambia kwamba tangu asubuhi alikuwa akiuliza kama mwanawe amefika. Kaka alipiga magoti mbele ya Baba palepale uani. Baba akamwinua kwa mabega. "Tumzike kwanza bibi yako," alisema, na baada ya maziko hakuligusia tena. Injini ilipofumuliwa, kuta za silinda zilikuwa zimechunwa na mchanga kama chungu kilichosuguliwa. Dume likapandishwa juu ya mawe uani petu. Majuto ni mjukuu, na mjukuu huyo nilikuwa mimi, tena mwenye jina la Bibi.

Nilikaa na uongo wangu miaka ishirini. Baba alipolala kitandani kwa ugonjwa wake wa mwisho, nilikuwa nikimnywesha uji, na siku moja nikaweka kijiko chini. Nikamwambia yote. Hakuonyesha kushangaa. Aliinua kidole gumba juu ya blanketi, akakigongesha kwenye ukingo wa kitanda, tak, tak. "Kumi na tano, Mama," alisema. "Halikuongeza nguvu. Lilipunguza." Nilimuuliza kwa nini basi alikubali. "Gari ningepata lingine," alisema. Nikataka kuuliza kuhusu Bibi, lakini aliona swali langu kabla sijalitoa. Macho yake yalijaa. "Mchelea mwana kulia hulia yeye. Hilo ni langu. Wewe usilibebe." Kisha akaomba uji.

Siku hizi ninafundisha shule ya msingi na nimejenga Ruhuwiko. Barabara ya Tunduru ni lami, na kwenye njia ya Njombe gari langu dogo linapanda mlima ule huku simu ikiniambia spidi, dakika na saa nitakayofika. Kila kitu kinapimika, ila sijui kama tunajua zaidi. Gaudensi ana gereji yake palepale Mjimwema, mkabala na nyumba yetu ya zamani ambako Dume bado liko juu ya mawe, na mwezi uliopita nilimkuta na kijana aliyekuja na bomba pana la moshi chini ya kwapa, akiuliza kama gari lake litaongeza nguvu. Kaka alimweleza vizuri: kwamba injini nyingi zimeshapewa pumzi zinazozitosha, kwamba kichujio cha wazi hunyonya hewa ya moto na vumbi, kwamba ukibadilisha hewa na moshi bila kurekebisha mafuta, unanunua kelele, na sikio hudanganya mguu. "Ila sitakuficha," akamalizia, "la baba yangu liliongeza. Vumbi ndilo lililoliua, lakini mlima lilipanda kwa kumi na mbili badala ya kumi na nne. Muulize dada yangu, yeye ndiye aliyehesabu. Eti, Skola?"

Ningeweza kuitikia kwa kichwa, kama nilivyoitikia miaka yote. Nikamwambia, "Zilikuwa kumi na tano, kaka. Nilivuta maneno." Aliendelea kufuta spana ambayo tayari ilikuwa safi. Kijana alitutazama bila kuelewa. "Na Baba je?" kaka aliuliza mwishowe. "Alikuwa anahesabu kwa kidole gumba," nilisema. "Alijua kabla hajasimamisha gari." Gaudensi aliweka spana chini. Alitoka nje, akavuka hadi uani kwetu, akafungua mlango wa Dume uliolia kwa kutu, akakaa, si kwenye usukani, bali kiti cha nyuma, pale alipokuwa amekaa siku ile. Nilimfuata, nikasimama mlangoni. "Alijua," alisema, akiushika uso wake kwa mikono yenye oili, "na bado akaniambia nibaki."