Mama Alivyotafuta Super ya Kweli

Gari la mama lilifika Mwanza kwa treni, juu ya behewa lisilo na paa, limefungwa kwa minyororo. Mama alikuwa amevaa gauni lake la kanisani, maana alisema gari la kwanza maishani halipokelewi na kandambili. Mimi niliomba ruhusa hospitalini, nilikokuwa muuguzi wa wodi ya watoto, nikamsindikiza stesheni. Tuliliona kutoka mbali. Lilikuwa jekundu, limelala chini karibu liguse ardhi, lina milango miwili tu, na nyuma limebandikwa bawa.

"Hili silo," mama akasema.

Lakini karatasi zilikuwa na jina lake, namba zilikuwa zilezile, na karani wa reli alikuwa na haraka.

Mama alikuwa amestaafu mwaka ule baada ya kufundisha kemia sekondari tangu alipokuwa msichana aliyevuka ziwa kutoka Kagera. Biashara ilikuwa imefunguliwa, na kila mwenye kiinua mgongo alikuwa na ndugu Dar es Salaam wa kumwagizia gari lililotumika Japani. Wake alikuwa mjomba wangu. Siku ile jioni mama alimpigia simu kutoka posta, na mimi nikiwa nimebana sikio upande wa pili wa mkono wa simu.

"Dada," mjomba alisema, "wewe mwenyewe ulisema gari dogo. Ukasema lenye nguvu ya kupanda mlima. Nimekosea wapi?"

Kweli alisema hivyo. Nyumba yetu ilikuwa juu ya mawe, na mama alichoka kupanda na vikapu. Kichekesho ni kwamba gari lenyewe lilivyokuwa chini, halikuweza kuipita hata nusu ya njia ile. Tukaliegesha kwa jirani chini ya mlima, tukaendelea kupanda kwa miguu kama zamani.

Jumamosi ya kwanza tulitoka nalo barabara ya Musoma. Mama alikuwa amezoea kuendesha lori la shule lililobeba unga na maharage, kwa hiyo aliukanyaga moto kwa mguu wa lori. Tulipoiacha Buzuruga na kelele zake za stendi, tabo, kile kifaa kinachoisukumia injini hewa, ikaamka. Kwanza tulisikia mluzi mwembamba, kisha migongo yetu ikabanwa kwenye viti kana kwamba kuna mtu katusukuma kifuani. Mama alipiga yowe, "Yesu na Maria!" Nikadhani atasimama. Akavua viatu, akavitupa kwenye miguu yangu, akakanyaga tena.

Tangu baba afariki sikuwa nimemsikia akipiga kelele ya furaha. Nilicheka mpaka machozi yakanitoka.

Furaha ile iliingia mdudu kwenye mwinuko wa kuelekea Kisesa. Injini ilianza kugonga. Ulikuwa mlio mkavu, wa haraka, kama kokoto zinazotikiswa ndani ya debe, na kila mama alipozidisha moto ndivyo kokoto zilivyozidi na gari lilivyolegea. Alipoachia, zikanyamaza. Alipokanyaga, zikarudi.

Jumatatu tulimpelekea fundi mmoja wa Nyakato, Msukuma mpole ambaye mama alikuwa amemfundisha kidato cha tatu.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba. Sikiliza injini yangu, halafu uniambie ukweli."

Akaenda nalo mzunguko mmoja, akarudi macho yamemtoka. "Mwalimu, hili gali lina hasira," alisema. "Umeliwekea nini?"

"Petroli. Ile ya kawaida. Ningeweka maziwa?"

Fundi akafungua kifuniko cha mdomo wa tangi. Ndani kulikuwa na karatasi ya kunata yenye maandishi ya Kijapani. Mama aliyanakili moja baada ya jingine, kwa makini ya mtu anayechora mtambo wa maabara, tukampelekea kijana mmoja Mjapani aliyejitolea kufundisha hesabu katika shule yake ya zamani. Kijana aliigeuza karatasi, kwa kuwa tulikuwa tumempa kichwa chini miguu juu. Kiswahili chake kilikuwa cha kitabuni, kila neno limenyooka.

"Linaomba petroli ya oktani kubwa," alisema, "isiyo na risasi."

Tuliporudi na jibu hilo gereji, fundi aliinama upesi, akachungulia chini ya tangi, akaligonga kwa kidole. "Isiyo na lisasi? Nani kapiga lisasi hapa?"

Mama alilazimika kuegemea ukuta kwa kicheko. Alipopata pumzi alimweleza kwamba risasi ni madini, ile inayotiwa kwenye petroli yetu ili injini isigonge, na kwamba yeye mwenyewe alimfundisha jambo hilo na huenda siku hiyo mwanafunzi wake alikuwa amelala. Isiyo na risasi haikupatikana Mwanza. Hata mjomba alituambia Dar hakuijua. Fundi akakitoa kichujio cha moshi kilichokuwa kwenye ekzosi, ambacho risasi ingekiziba, na gari likaanza kunguruma kwa sauti ambayo watoto wa mtaa walijifunza kuiigiza. Ilibaki oktani, na petroli yenye oktani kubwa kwetu iliitwa super.

"Kwa hiyo nikiweka super gari linapata nguvu?" nilimuuliza mama.

"Oktani si nguvu, ni subira," alisema. "Injini hii inaibana petroli sana. Ile ya kawaida haivumilii, inalipuka kabla haijaambiwa. Super inangoja cheche. Basi."

Ushauri ulikuja kutoka kila upande. Mjomba alisema kwa simu kwamba Dar wanaponda vidonge vya nondo, vile vya kuweka kabatini kwenye nguo, wanavitia kwenye tangi. Mama alimwambia kemia yake ina mantiki, ila yeye hataki gari linalonuka kama sanduku la bibi harusi. Jirani alijua mtu wa uwanja wa ndege ambaye angetupatia mafuta ya ndege ndogo. Mama akasema hapana, akanunua daftari.

Miaka ya nyuma kidogo petroli ilikuwa ya foleni na vibali. Ulishukuru kuipata, hukuuliza ni ya aina gani. Sasa vituo vilichipuka kila baada ya mtaa, vimepakwa rangi mbichi, na karibu vyote viliandika SUPER kwa herufi kubwa. Mama alichagua vinne. Kila Jumamosi tulilitumia tangi mpaka sindano ya mafuta ilale, tukajaza kituo kimoja, tukaenda kwenye mwinuko uleule, gia ileile, mwendo uleule. Kazi yangu ilikuwa kusikiliza na kuandika: haigongi, inagonga kidogo, inagonga sana. Alinikataza kula karanga wakati wa kusikiliza.

Jumamosi ya pili tulilaza sindano kupita kiasi. Gari lilizimika katikati ya Igoma na Kisesa, na wachungaji wawili wa ng'ombe wakasimama kulitazama. Mmoja aliuliza kama limezama. Walitusukuma mpaka kwenye kibanda kilichouza petroli kwa chupa, ng'ombe wakitufuata nyuma kwa utaratibu kama msafara wa harusi, na mama, aliyeshika usukani, akiwapungia mkono watu wa pembeni. Nilikuwa nasukuma pamoja na wachungaji na kicheko kilininyima nguvu zote. Petroli ile ya chupa iligonga vibaya kuliko zote, na mama akaniamuru niiandike daftarini, maana matokeo ni matokeo.

Vituo viwili vilituuzia super ya kweli. Injini ilipanda kimya, mluzi tu. Cha tatu kiligonga kidogo. Cha nne ndicho kilikuwa na bango kubwa kuliko yote, na super yake iligonga sana. Tukaweka kawaida yake. Ikagonga vilevile. Mama hakutaka kumwonea mtu, akarudia mara tatu. Mara ya tatu alilifunga daftari na kusema, "Twende tukamwone mwenye kituo."

Tulimkuta ofisini, mwanamume mnene aliyeketi nyuma ya meza mpya, feni ikimpepea. Alimtazama mama mara moja tu. Akasimama, akaweka mikono nyuma.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba. Kidato cha pili, dirishani, kiti cha mwisho."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Super yako ni kawaida."

Alianza kueleza. Tangi moja lilikuwa limepata hitilafu, fundi alichelewa, wakaunganisha mabomba kwa muda, bango likabaki. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, kama alivyowasikiliza wanafunzi waliosahau madaftari nyumbani.

"Unaijua tofauti yake kwa masikio?" alimuuliza.

"Hapana, Mwalimu. Mimi nauza tu."

"Basi ingia kwenye gari."

Kumwingiza kiti cha nyuma ilikuwa kazi. Aliingia kichwa, akakwama, nikamsukuma, akaketi magoti yakiwa karibu na kidevu. Petroli yake ilikuwa bado kwenye tangi. Mama aliukwea mwinuko, kokoto zikalia ndani ya debe, na yule bwana akauliza kwa wasiwasi ni kitu gani hicho.

"Hiyo ni bidhaa yako," mama akasema.

Tulizunguka mpaka sindano ikalala, tukajaza super kwenye kimoja cha vile vituo viwili, na yeye alijikunja nyuma ili wenzake wa biashara wasimwone. Tukarudi kwenye mwinuko. Safari hii hakukuwa na kokoto. Tabo ilipiga mluzi, gari likaruka mbele, mabonde ya mpunga yakapita dirishani, na kutoka nyuma ikasikika sauti ambayo sikuitarajia kwa mtu wa umbo lile.

"Uwiii! Mwalimu, ongeza!"

Mama akaongeza. Tuliipita Kisesa, tukakata njia ya vumbi kuelekea Bujora, kwenye makumbusho ya Wasukuma, ambako ilibidi twende taratibu kwa sababu ya mawe. Mbali kidogo ngoma zilikuwa zikipigwa. Sijui ni mazoezi au sherehe. Mama alizima gari, tukashuka kunyoosha miguu, na mwenye kituo, shati limelowa jasho, akatuuliza kwa unyenyekevu kama anaweza kukaa mbele wakati wa kurudi.

Wiki iliyofuata neno SUPER kwenye bango lake lilipakwa rangi nyeupe. Lilikaa hivyo karibu mwezi mzima. Siku lori la super ya kweli lilipofika, alimtuma mtu kupanda mawe mpaka kwetu kumwita mama aje apime kabla hajaandika upya. Mama alivaa tena gauni la kanisani. Tukapanda mwinuko, nikaandika "haigongi", na mchoraji aliyekuwa akingoja na kopo lake akapanda ngazi.

Habari ikaenea, wenye magari wakaanza kuja Jumapili baada ya ibada. Waliegesha chini kwa jirani, wakapanda na kuketi barazani, wakauliza, "Mwalimu, langu nijaze nini?" Aliwauliza injini ikoje, ina tabo au haina, inagonga au haigongi, na karibu wote aliwajibu neno moja: kawaida. Watu hawakulipenda jibu hilo. Mfanyabiashara mmoja wa sangara, mwenye gari kubwa jeupe ambalo viti vyake vilikuwa bado na plastiki, alilipokea kama tusi.

"Kawaida? Mimi?"

"Si wewe, baba. Injini. Haibani sana. Super haitaifanyia lolote."

"Mwalimu, gari kama lile haliwezi kunywa kawaida. Watu wananiona."

"Basi jaza super ili wakuone," mama akasema, akammiminia chai.

Alikunywa haraka, akaaga kwa heshima, akashuka mawe akishikilia koti. Kutoka barazani kwetu uliweza kuona barabara yote ya chini. Tulimwona akiingia kwenye gari lake, akikata kona polepole, akinyoosha moja kwa moja mpaka kwenye pampu ya super. Akashuka yeye mwenyewe, akasimama kando ya bomba, mkono kiunoni, akitazama huku na huku kama kuna anayemwona.

"Jaza, baba, jaza," mama alisema kwa sauti ya chini, mabega yakianza kumtikisika kwa kicheko, nami nikalazimika kuweka kikombe changu chini.